Jani la Rubani Tarrant

Vijana wa Birmingham, wa Sparkbrook, Small Heath na kote mnakowajibu mama zenu kwa Kiingereza huku mkielewa kila neno wanalowatukania kwa Kiswahili: nimeombwa niwaandikie kuhusu kazi yangu, kwa kuwa mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na moja. Chekeni sasa, mmalize, kisha tuendelee.

Nimestaafu kwa sababu mkono wangu wa kulia umekataa kushika sindano. Daktari aliuminya na kuugeuza kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akaniambia nitafute kazi isiyotumia vidole. Nikamuuliza ni kazi gani hiyo. Akafikiri kidogo, akasema usimamizi.

Kazi yenyewe ilikuwa kushona nishani. Najua hamkujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Hata mama yangu akiulizwa husema niko kwa masonara, maana inasikika vizuri harusini. Nchi hii ilizoea kumpa mtu nishani za vita kwa namna ile ile ya kumtumia viatu: kisanduku cha posta, vipande vya chuma ndani, tepe za rangi zimekunjwa pembeni, na asante kwa kuihatarisha roho yako. Kuzipanga kwa mfuatano wake, kukata tepe, kuzishona juu ya kitambaa kigumu na kutia pini nyuma ili zikae kifuani bila kupepesuka, hiyo haikuwa kazi ya serikali. Ilikuwa yangu.

Sikusomea popote. Jumapili asubuhi nilikuwa nikienda kwenye soko la vitu vikuukuu, nanunua safu za nishani zilizochakaa, nazipeleka nyumbani Washwood Heath na kuzifumua uzi kwa uzi ili nione waliozishona walikuwa wakifikiri nini. Wengi hawakuwa wakifikiri.

Nitakiri mapema jambo moja, msije mkasema niliwaficha. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuuangalia, kisha narudi tena kuangalia kama niliporudi sikuufungua. Nikiandika barua fupi kwa mwenye nyumba naiandika upya mpaka bomba lililovunjika linajikaukia lenyewe. Katika maisha ya kawaida watu huita hali hii ugonjwa. Kwenye kazi ya sindano waliita kipaji, nami nikawaacha waseme.

Aliyeniajiri alikuwa Bwana Harjit, Kalasinga wa Ngara, Nairobi, ambaye alikuwa na karakana Hockley, mtaa wa masonara, ghorofa ya pili juu ya duka la pete. Kiswahili chake alikiokota kwenye magereji ya Nairobi akiwa mdogo na hakikuwahi kupoteza grisi. Nilimwendea kumweleza kwamba safu ya nishani aliyoiweka dirishani ina kosa: utepe wa nyota ya kwanza, yaani nishani yenye umbo la nyota, umegeuzwa. Ule utepe una bluu nzito, nyekundu na bluu nyepesi, na bluu nzito hukaa upande wa katikati ya kifua. Akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Akauliza nimetoka wapi. Nikasema Voi.

"Hilo dirisha lina mwaka," akasema. "Makanali wamepita. Anayekuja kunitia aibu anatoka Voi."

Baadaye alidai aliugeuza makusudi, kama mtego wa kunasa wafanyakazi. Wakati ule ule nilimwambia pia kwamba pini yake imekaa vibaya, na hapo nilikosea mimi, naye hakuacha kunikumbusha kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Harjit ndiye aliyenifundisha yale ambayo kufumua hakukunifundisha. Usikate utepe kabla ya kuupima juu ya nishani yenyewe, kwa sababu tepe mbili za jina moja zinaweza kutofautiana upana kama ndugu wa mama mmoja. Pitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, usije ukajifunga fundo. Na usisugue nishani mpaka ing'ae. Hili la mwisho nililisikia baada ya kulitenda. Nilisugua nishani ya bibi mmoja wa Moseley, ya marehemu baba yake, mpaka uso wa mfalme ukabaki kama wa binamu yake. Bibi yule alinishukuru, akasema haijawahi kung'aa hivyo. Harjit alingoja ashuke ngazi, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kumnyoa mfalme mwingine wiki hiyo.

Siku hizi, naambiwa, watu wanabandika kwa gundi ya moto. Unaagiza nishani za kuiga kwenye kompyuta, zinakuja na tepe zake zimeshakatwa, unazibandika mezani huku ukitazama mpira. Ni maendeleo makubwa. Gundi hiyo hulainika jua linapowaka, lakini hii ni Birmingham, hatari si kubwa.

Sasa niwaambie habari za Bwana Tarrant, maana hiyo ndiyo sababu niliombwa niandike badala ya mtu mwenye mvi.

Alikuja Jumatatu ya mvua, yaani Jumatatu. Mzee aliyepita miaka themanini, mrefu, koti limefungwa mpaka shingoni, na mkononi kisanduku cha kadibodi ambacho kilifunguliwa mara moja tu, siku posta walipokileta baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliongea na Harjit kwa Kiingereza: alikuwa rubani wa ndege za kivita, alikamatwa, alikaa kambini kama mateka, anataka nishani zake zishonwe. Kisha akanigeukia na kuniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Kenya. Uso ukamchanua, akahamia kwenye Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili cha walowezi wa Njoro, alikokulia. Kama hamjawahi kukisikia, ni lugha isiyo na tafadhali, isiyo na wingi, na ambayo kila kitenzi chake ni amri kwa mpishi.

"Wewe kuja hapa," akaniambia kwa furaha kabisa. "Hii iko chuma yangu ya vita. Wewe weka sawasawa."

Nikatazama sakafu. Harjit, ambaye utotoni mwake alikuwa amemeza Kiswahili hicho cha kutosha, akauliza kwa sauti ya asali, "Ndiyo bwana mkubwa. Na chai tulete verandani?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema hicho ndicho Kiswahili pekee alichofundishwa, na waliomfundisha hawakumfundisha adabu zake, na kama tunaona inafaa tumsahihishe. Tukamsahihisha kila tulipomwona wiki ile. Hakubadilika hata kidogo, ila aliongeza neno "tafadhali" mbele ya kila amri, na ikawa mbaya zaidi.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na nyota mbili, nishani moja ya duara, na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi laini: jani la mwaloni la shaba nyeusi, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Jani hilo hushonwa juu ya utepe wa ile nishani ya duara. Maana yake ni kwamba jina la mtu lilitajwa na wakubwa wake kwa jambo alilolifanya. Nilikwisha kutayarisha uso wangu wa heshima. Nilitegemea ndege zinazowaka moto na mtu mmoja dhidi ya saba. Nikamuuliza alilipata kwa kufanya nini.

"Kushona," akasema.

Aliruka kutoka kusini mwa Uingereza kwa miezi michache, akatunguliwa juu ya Ufaransa, akashuka kwa mwavuli katikati ya shamba la kabichi. Mwenye shamba, mama mmoja mnene, alimgombeza kwa ajili ya kabichi zake mpaka askari wa Kijerumani walipokuja kumkamata, naye anasema aliwaona kama wakombozi. Hiyo ndiyo vita yake ya angani. Iliyobaki, miaka na miaka, aliipiga akiwa amekaa kitako kwenye kitanda cha mbao, akigeuza mablanketi na sare kuukuu kuwa nguo za kiraia, ili wenzake waliotaka kutoroka waweze kupita stesheni bila kufanana na wanajeshi. Alijifundisha mwenyewe. Hapo nikaanza kumpenda.

Nguo aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa koti la rafiki yake, rubani mwenzake aliyeitwa Lomas. Alilishona kwa blanketi alilolitia rangi kwa wino. Hakuwa na koti la kuigia mfano, kwa hiyo akakumbuka koti zuri pekee alilolijua vizuri, ambalo utotoni alikuwa akilivuta pindo kila Jumapili kanisani Njoro. Lilikuwa koti la mama yake. Lomas akatoroka nalo, akafika stesheni, akanunua tikiti kwa Kijerumani kizuri tu. Mama aliyekuwa akikata tikiti akamtazama mara moja kifuani, akaita polisi. Koti lilikuwa na vifungo upande wa kike.

Lomas alirudishwa kambini jioni ile ile, akatiwa kwenye chumba cha adhabu. Alipotoka hakumwita tena Tarrant kwa jina. Alimwita Madamu. Vita vikaisha, wakahamia wote pande hizi, Lomas akaoa na kukaa Sutton Coldfield, na kila mwaka walikula chakula cha mchana pamoja, na kila mwaka Lomas alimvutia kiti kama anavyovutiwa mwanamke. Wakubwa wao, kwa upande wao, waliandika kwamba Tarrant alifanya kazi kubwa ya ushonaji kwa ajili ya wafungwa waliotoroka, na posta ikamletea jani. Tarrant akaliona ni dhihaka. Akafunga kisanduku.

Sasa Lomas alikuwa amekufa. Mazishi yalikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi, kanisani Sutton Coldfield. Siku za mwisho hospitalini alimshika Tarrant mkono na kumwambia maneno ambayo mzee alitusimulia mara mbili, ya kwanza akicheka, ya pili hapana. Alimwambia, "Ukija kunizika bila lile jani, nitajua lile koti ulinishonea vile makusudi."

Harjit akasema Jumatano mchana itakuwa tayari. Akanitazama mimi wakati akisema hivyo.

Vijana, nyota mbili na duara moja ni kazi ya asubuhi moja. Jumanne mchana safu ilikuwa imekwisha, tepe zimenyooka kama mistari ya rula, chuma kimelala juu ya kitambaa bila kuacha nafasi ya kupitisha wembe. Likabaki jani. Jani lina vijipini viwili nyuma na mishono midogo ya kulishikilia, na hukaa kwa mshazari, si wima, si kulala. Nililishona. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaona limelala mno. Nikafumua. Nikalishona tena, likasimama mno. Baada ya kufumua mara kadhaa utepe ukawa na matundu kama kichujio cha chai, nikakata mwingine. Utepe mpya ulitoka kwenye bunda jipya na wekundu wake ulikuwa tofauti kidogo, tofauti ambayo hakuna binadamu angeiona isipokuwa mimi, kwa hiyo nikabadilisha na zile nyingine zote, maana sasa zilionekana kuukuu.

"Msichana," Harjit akaniambia Jumanne jioni, "huyu mzee anakwenda kuzika rafiki yake. Haendi kukaguliwa na wewe."

Nikamwambia najua. Na kweli nilijua. Wasiwasi si ujinga, vijana, msidanganywe. Mwenye wasiwasi anajua kila kitu, isipokuwa namna ya kuacha.

Jumatano Tarrant alikuja, nikamwambia bado kidogo tu. Alilitazama jani lililokuwa peke yake mezani, akaitazama safu, akanitazama mimi. Akasema, "Kesho saa nne mimi napita na taksi. Saa tano Lomas naingia kanisa. Tafadhali wewe maliza."

Jioni ile nilimaliza. Naapa nilimaliza. Lilikuwa zuri. Lakini Alhamisi asubuhi nilifika mapema, nikalipeleka dirishani, na mwanga wa asubuhi ukanionyesha kwamba bua la jani limeegemea kulia kupita kiasi. Mkasi ulikuwa karibu.

Alipopanda ngazi saa nne, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyopigwa rangi, alinikuta nimeshika safu mkono huu na jani mkono ule. Nikaanza kumweleza habari za mshazari. Nilikuwa na hoja nzuri. Harjit alinisikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la treni iliyofutwa, kisha akafungua droo, akatoa kikopo cha sindano na nyuzi, akanitia mkononi na kunisukuma kuelekea mlangoni. Akasema nikamalizie ndani ya gari, na nikirudi na jani mkononi nisirudi.

Dereva wa taksi alikuwa Abdi, Msomali wa Eastleigh ya Nairobi aliyepitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham, na nilijua ni mtu wa kwetu kwa kuwa alikuwa akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili tulipoingia. Tukakaa nyuma, mimi na mzee, safu ya nishani juu ya magoti yangu. Tarrant akamwambia, "Wewe enda haraka, tafadhali, lakini pole pole." Abdi akatazama kwenye kioo chake.

"Sister," akaniuliza, "huyu mzee ametoa wapi hiyo lugha?"

"Njoro."

"Mimi nilidhani walishaizika zamani."

"Karibu sana nazika," Tarrant akamjibu. "Leo iko rafiki yangu. Kesho mimi na lugha."

Abdi akacheka, akazima simu, na tangu hapo akamwita mzee.

Kutoka Hockley mpaka Sutton Coldfield si mbali, ila kwa mtu anayeshona. Aston palikuwa na msongamano. Gari likisimama nilipima mshazari, likiondoka nilijichoma kidole. Nililishona jani, nikalitazama, mkono ukaanza wenyewe kutafuta mkasi. Nikalifumua tena kwa ncha ya sindano. Naandika hili nikiwa na haya, lakini nimeahidi kusema. Mazishi yalikuwa yanakaribia, mzee wa watu anatazama saa yake bila kutaka nimwone, na mimi nafumua.

Tulipofika Erdington aliniuliza, "Wewe naogopa nani?"

Nikamwambia siogopi mtu. Naogopa kosa. Watu wataliona.

Akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa Kiswahili chake, na sikumsahihisha hata moja.

"Ile koti ya Lomas ilikuwa safi kabisa. Kambi mzima nasifu. Mshono yake kama ya duka ya London. Mimi nafumua, nashona, nafumua, nashona, wiki mbili. Lomas nasema, leta, inatosha. Mimi nasema hapana, bado. Wiki mbili naangalia mshono. Kifungo mimi siangalii."

Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa. Kwanza aliigeuza safu akatazama nyuma, kama mafundi wanavyofanya, akapitisha kidole juu ya mishono yangu. Akasema kama ningekuwa kambini, Lomas angefika Uswisi. Akavaa miwani. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kiasi kwamba nilimtungia uzi mimi, na ule uliokuwa umebaki kwenye kikopo cha Harjit ulikuwa mweusi, kwa utepe mwekundu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

"Simama," akamwambia Abdi.

"Mzee, hapa nikisimama wananipiga picha. Hiyo faini utalipa kwa hizo nyota?"

Hakusimama, lakini aliteremsha mwendo mpaka tukawa tunakwenda kama gari la maiti lenyewe. Nyuma yetu basi likapiga honi, kisha na gari lingine, kisha yote. Abdi akafungua dirisha, akatoa mkono nje na kuupunga taratibu, kama mtu anayebariki umati. Tarrant akashona. Sindano iliingia ilipotaka na kutokea ilikotaka. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, jambo ambalo Harjit angenifukuzia kazi, akanionyesha.

Jani lilikuwa limeegemea upande usio wake. Bua lilitazama juu. Uzi mweusi ulionekana wazi kama nzi ndani ya maziwa.

Tulipofika kanisani, jeneza lilikuwa linapita mlangoni. Tarrant alishuka kwa shida, nikambania safu kifuani upande wa kushoto, na ile pini yangu angalau ilikaa sawa. Mkono wangu ukapanda kwenye jani. Nilitaka kulisogeza kidogo tu, kwa ukucha. Akanishika kiganja.

"Iache," akasema.

Nikaiacha. Akaingia.

Nilikuwa nimepanga kumsubiri nje na Abdi, lakini Abdi aliniambia nisiwe mpumbavu, niingie, yeye atatafuta maegesho, na mita ameizima tangu Erdington kwa hiyo nisijaribu kumuuliza habari za nauli. Nikasimama nyuma kabisa. Mzee alikuwa akipita katikati ya viti, amechelewa, viatu vyake vinalia, watu wanageuka. Mjane wa Lomas alikuwa kiti cha mbele, mwanamke mfupi mwenye kofia ya bluu. Naye akageuka. Akamtazama usoni, akashuka kifuani, akaliona jani lilivyokaa. Akaanza kucheka. Alicheka kanisani, mbele ya jeneza la mumewe, akajiziba mdomo kwa glovu, mabega yakawa yanamtikisika mpaka padri akaacha kugeuza ukurasa wake. Halafu kicheko kikageuka kilio, akasogea kwenye kiti cha familia na kumwachia Tarrant nafasi pembeni yake.

Baada ya maziko tulikunywa chai kwenye ukumbi wa kanisa. Mtakapohudhuria mazishi ya Waingereza mtaona kwamba huzuni yao huliwa na sandwichi za tango. Walikuwapo wazee wengi wa vita, na mmoja wao, mwenye masharubu meupe na kifua kilichojaa nishani mpaka kwapani, zote zimeshonwa vizuri ajabu, niseme ukweli, alimsogelea Tarrant. Akainama, akalitazama jani kwa muda. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika upande wa pili wa uwanja, ni nani aliyefanya kazi ile. Jani limegeuzwa. Uzi ni mweusi. Aliyemfanyia hivyo mwanajeshi mzee anapaswa kuona haya, na anayemjua amtaje ili wengine wasiende kwake.

Tarrant akafungua kinywa. Nilimjua kiasi cha kutosha kujua kwamba alikuwa anakwenda kusema ukweli, na kwamba angesema mbele ya mjane, na mbele ya ukumbi mzima, kwamba kwa mara nyingine ni yeye aliyeshona.

"Ni mimi," nikasema. "Nimelishona mimi. Niko Hockley, ghorofa ya pili, juu ya duka la pete."

Yule mzee wa masharubu akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema kwamba atalikumbuka hilo, akaenda zake kwenye birika. Tarrant alinivutia kiti.